CHOTARA LA MZABIBU: NENO MOJA, KANUNI MBILI

Istilahi ikikosewa, hasara yake kwa kawaida huonekana kwenye karatasi: mwanafunzi hujibu swali vibaya, au mfasiri hulazimika kuirudia kazi yake. Ni mara chache hasara hiyo kuonekana shambani. Makala hii imetokana na mfano mmoja wa namna hiyo tulioukuta Sikonge, kusini ya mji wa Tabora, nao umetufanya tulitazame upya neno ambalo wengi wetu tulidhani limekwisha kupata mahali pake, yaani neno chotara.

Sikonge si nchi ya mizabibu. Ni nchi ya miombo, ya mizinga ya nyuki, ya mahindi na ya tumbaku ya mvuke. Hata hivyo tulimkuta huko mzee mmoja mwenye mizabibu miwili nyuma ya nyumba yake, imetambaa juu ya chanja, ikimpa kivuli na vichala vichache kila mwaka. Miche yake aliletewa na mwanawe kutoka Dodoma, na aliyemwuzia kijana huyo alimwambia kuwa ni chotara. Mzee alilifahamu neno hilo. Alikwisha kulisikia kwa mabwana shamba kuhusu mahindi: mbegu chotara hupandwa mara moja tu, na mavuno yake hayafanywi mbegu ya mwaka wa pili. Kwa hiyo kila alipoipogoa mizabibu yake aliyachoma matawi yote, na majirani walipomwomba kipande cha kupanda aliwanyima kwa nia njema kabisa, akiwaambia kwamba kitu chotara hakirudiwi.

Mama mmoja jirani yake hakukata tamaa. Aliona kwamba ikiwa matawi hayafai, huenda mbegu zilizomo ndani ya tunda zitafaa. Alizipanda katika makopo, akazinywesha maji ya kisima kiangazi chote, akaihamishia miche uani, akasubiri hata mwaka wa nne. Mche mmoja tu ndio uliozaa, na matunda yake yalikuwa madogo na makali kama siki.

Basi mzee alichoma kile ambacho kingeota sawasawa na mzazi wake, na mama akalea kile ambacho hakikuwa na sababu ya kufanana naye. Wote wawili ni wakulima hodari. Aliyewapoteza ni neno. Mzee alituuliza: "Ninyi wanangu wa Baraza, neno hili lina maana ngapi?" Twajaribu kumjibu hapa.

1. Mti, tunda na kinywaji

Kabla ya kulifikia chotara, yafaa tuyatazame majina ya mmea wenyewe, maana nayo yana fundisho lake. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo ikaelekea Ujiji, haikupitisha pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa tu. Ilipitisha pia miti na maneno. Miembe mikongwe ya Tabora na Ujiji ni ukumbusho wa safari hizo, na Kiswahili kinachosemwa huko bara ni ukumbusho mwingine.

Neno zabibu asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ni tunda lililokaushwa; tunda bichi lina jina lake jingine. Yaelekea watu wa pwani yetu walilijua kwanza tunda kavu, lililoletwa na majahazi, kabla ya kuujua mti. Hivyo jina la tunda kavu likapewa tunda bichi, na kutokana nalo tukapata mzabibu. Leo tukitaka kulitaja lile la kwanza tunalazimika kusema zabibu kavu, jambo ambalo kwa Mwarabu lingekuwa sawa na kusema "kavu kavu".

Kinywaji nacho kina majina mawili. Mvinyo limetoka katika Kireno. Divai limetoka katika Kifaransa, lugha ya wamisionari waliofungua kituo chao Bagamoyo mwaka 1868, na ya Mapadre Weupe ambao msafara wao wa kwanza ulipita Tabora mwaka 1878. Kwa kuwa wasemaji wengi hutumia mvinyo kwa kileo chochote kikali, twaona ni vema divai libaki kwa kinywaji cha zabibu peke yake.

Mabadiliko ya namna hii hayakumdhuru mtu, kwa sababu tunda bichi na tunda kavu hutofautishwa kwa macho. Lakini chotara halitambuliki kwa macho. Anayelinunua hana budi kuliamini neno la anayeliuza. Ndiyo sababu neno hilo lastahili uangalifu zaidi.

2. Jinsi chotara linavyopatikana

Ua la mzabibu unaolimwa lina viungo vya kiume na vya kike pamoja, na kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Mtaalamu anayetaka kuchanganya mizabibu miwili huanza kwa kuondoa viungo vya kiume katika maua ya mmoja kabla hayajakomaa. Kisha huyafunika maua hayo kwa mfuko ili chavua ya mahali pengine isiyafikie. Yakiwa tayari, huyapaka chavua iliyotolewa katika mzabibu wa pili, na kuyafunika tena. Kazi hii twaiita uchavushaji mtambuka. Kitenzi kupandisha, ambacho wengine hukitumia, chafaa kwa wanyama. Kwa mimea chaleta utata, kwani mkulima hukichanganya na kupanda.

Matunda yatokayo humo yana mbegu, na kila mbegu ni mtoto wa wazazi hao wawili. Lakini kama watoto wa nyumba moja, hakuna mbegu mbili zinazofanana. Mtaalamu huziotesha nyingi, hungoja miaka hadi zizae, hulinganisha mavuno, ladha na uvumilivu wa magonjwa, na mwishoni huchagua mche mmoja au miwili. Mche aliouchagua hauzidishi tena kwa mbegu. Huuzidisha kwa kukata vipande vya matawi vyenye macho, yaani pingili, na kuvipanda. Kila pingili huwa mzabibu uleule, si mtoto wake. Wasomaji waishike hatua hii ya mwisho, kwa kuwa ndipo fumbo la Sikonge linapofumbuliwa.

3. Machotara ya namna mbili

Wanabiolojia huigawanya jenasi ya mzabibu, iitwayo Vitis, katika spishi nyingi. Ile inayotoa karibu divai zote mashuhuri ni Vitis vinifera, yenye asili ya Ulaya na Asia ya Magharibi. Amerika ya Kaskazini ina spishi zake nyingine, kama vile Vitis labrusca, Vitis riparia na Vitis rupestris. Ndani ya spishi moja zimo aina nyingi: Chenin Blanc na Syrah, ambazo hulimwa Dodoma, ni aina mbili za spishi moja.

Hivyo kuna michanganyiko miwili. Wa kwanza ni wa aina na aina ndani ya spishi moja. Mfano ulio karibu nasi ni Pinotage ya Afrika Kusini. Mwaka 1925 Abraham Izak Perold wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch alichavusha Pinot Noir na Cinsaut. Mbegu alizopata zilikuwa nne tu, naye akazipanda katika bustani ya nyumba yake. Kwa kuwa Cinsaut iliitwa Hermitage nchini humo, jina la mtoto likaundwa kwa kuunga mwanzo wa jina la mzazi mmoja na mwisho wa jina la mwingine. Maumbile pia hufanya kazi hiyo bila msaada wa mtu: uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba Cabernet Sauvignon, aina maarufu kuliko nyingi, ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc.

Mchanganyiko wa pili ni wa spishi na spishi, na huo ulizaliwa na msiba. Katika miaka ya 1860 mashamba ya Ufaransa yalianza kukauka. Mwaka 1868 wataalamu, miongoni mwao Jules Émile Planchon, walimkuta mharibifu mizizini: mdudu mdogo aitwaye filoksera, aliyetoka Amerika. Mizabibu ya Amerika ilikwisha kumzoea. Ile ya Ulaya haikuwa na kinga. Njia mbili zilifuatwa. Njia moja ilikuwa kuubebesha mzabibu wa Ulaya juu ya shina la Amerika. Njia nyingine ilikuwa kuchavusha spishi hizo mbili ili mtoto apate kinga ya upande mmoja na ladha ya upande mwingine. François Baco, aliyekuwa mwalimu wa shule, alipata kwa njia hii Baco Blanc mwaka 1898 na Baco Noir mwaka 1902.

Machotara hayo yalienea sana. Katika miaka ya 1950 yalishika karibu theluthi moja ya mashamba ya mizabibu ya Ufaransa. Lakini baadhi yake yalirithi kutoka Amerika harufu nzito ambayo wanywaji wa Ulaya hawakuipenda, na kati ya mwaka 1934 na 1935 serikali ya Ufaransa ilikwisha kupiga marufuku aina sita za mizabibu hiyo. Neno chotara, katika lugha ya wauza divai wa huko, likawa tusi. Hali imebadilika siku hizi. Ukungu unaoitwa ubwiri huishambulia mizabibu ya Ulaya kila mwaka, na machotara mengi huuvumilia bila kunyunyiziwa dawa nyingi. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya uliruhusu mizabibu ya namna hiyo hata katika divai zenye majina ya mahali yanayolindwa na sheria. Jambo hili lagusa Sikonge pia. Mkoa wa Tabora hupata mvua nyingi kuliko Dodoma, na penye unyevu ubwiri hustawi. Mkulima wa Sikonge atakayetaka kupanda mizabibu atakuwa na haja kubwa zaidi ya kujua kama mche anaouziwa una damu ya spishi mbili au ya moja.

Yafaa pia tukumbushe kwamba jina laweza kusema uongo juu ya ukoo. Mwaka 1882 Hermann Müller, mtaalamu aliyetoka Thurgau nchini Uswisi, alipata mzabibu ulioaminika kuwa mtoto wa Riesling na Silvaner. Wengine wakauita Rivaner, kwa kuunga majina hayo mawili. Zaidi ya miaka mia baadaye vinasaba vilionyesha kwamba mzazi wa pili hakuwa Silvaner bali Madeleine Royale. Jina Rivaner lingaliko, na kosa lake limo ndani yake. Kwa sababu hiyo twaona wataalamu wetu wa Makutupora, karibu na Dodoma, wamepita njia salama: Makutupora Red, aina inayojulikana sana katika mashamba ya huko, imepewa jina la mahali na rangi, si jina la ukoo.

4. Maneno matatu yanayoshindana

Mseto. Neno hili ni la Kiswahili cha nyumbani: ni chakula cha nafaka na kunde vilivyopikwa pamoja. Uzuri wake ni kwamba kila mtu analijua. Lakini katika mseto choroko hubaki choroko na mchele hubaki mchele, wakati katika mche tunaouzungumzia wazazi hawaonekani tena kila mmoja peke yake. Aidha, kilimo mseto limekwisha kukubalika kwa maana ya kulima mazao mbalimbali pamoja. Kulitumia mseto kwa mche mmoja ni kuleta fujo.

Mahuluti. Neno hili lina asili ya Kiarabu na maana ya kilichochanganywa, nalo hutumika zaidi Kenya. Ni neno safi, halina kumbukumbu mbaya, na hatuna sababu ya kulikataa. Udhaifu wake ni kwamba katika Tanzania wakulima wengi hawalisikii.

Chotara. Hili ndilo neno la shambani katika nchi yetu: mbegu chotara, ng'ombe chotara, kuku chotara. Pingamizi lililopo ni kwamba lilitumika, na pengine lingali linatumika, kwa watu waliozaliwa na wazazi wa mataifa mawili, mara nyingi kwa dharau. Pingamizi hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba istilahi ya kilimo haina haja ya kumgusa mtu. Anayemwita mwenziwe chotara na aache, na mkulima aendelee kulitumia kwa mahindi yake. Kuling'oa katika vinywa vya wakulima sasa ni kazi ambayo Baraza lolote lisingeiweza.

Kwa upande wa sarufi, neno hili likifuata nomino nyingine halibadiliki: mbegu chotara, mizabibu chotara. Likisimama peke yake kwa mmea, twapendekeza lifuate ngeli ya li-ya: chotara hili, machotara haya. Kwa wanyama lifuate upatanisho wa viumbe: chotara huyu.

5. Kanuni mbili

Sasa tumjibu mzee. Chotara ni mtoto wa wazazi wasiofanana. Maana hiyo ni moja, iwe mahindi au mzabibu. Kinachotofautiana ni namna ya kumzidisha mtoto huyo.

Mwaka 1964 wataalamu wa Kitale, Kenya, walitoa mbegu ya mahindi iitwayo H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mengine yenye asili ya Ekwado. Mbegu za namna hiyo hustawi sana katika kizazi cha kwanza. Lakini mahindi huzaliana kwa punje, na kila punje ni mtoto mpya. Mkulima akipanda punje alizovuna, sifa za wazazi hutawanyika: mabua hayalingani na mavuno hushuka. Hapo mabwana shamba walisema kweli.

Mzabibu hauko hivyo. Ukikatwa pingili na kupandwa, hakuna mtoto aliyezaliwa. Ni mti uleule umepewa mizizi mingine. Uwe chotara au usiwe, tunda litakuwa lilelile. Ukipandwa mbegu yake, hata usipokuwa chotara, mche hautafanana na mzazi, kwa sababu kila mzabibu umebeba urithi uliochanganyika tangu zamani. Kwa hiyo katika mzabibu neno chotara halimwambii mkulima lolote kuhusu kurudia kupanda. Linamwambia habari za ukoo tu.

Kosa jingine la kuepukwa ni kuuita chotara mche uliobebeshwa. Katika kubebesha, kikonyo cha mti mmoja huungwa juu ya shina la mti mwingine, kama wafanyavyo wenye miembe. Miti hiyo miwili huishi pamoja bila kuchanganya damu: juu huzaa matunda ya kikonyo, na chini mizizi hubaki ya shina. Kubebesha ni kumpa mpangaji nyumba. Kuchavusha ni kuoza.

Na tusidhani kwamba chotara hubaki chotara milele. Mpwapwa, palepale ilipopita njia ya misafara, wataalamu wa mifugo walichanganya ng'ombe wa kienyeji na wale wenye asili ya India na Ulaya, wakachagua kizazi baada ya kizazi, hata wakapata ng'ombe wa Mpwapwa, ambaye leo huhesabiwa kuwa aina kamili. Na wafuga nyuki wa Sikonge wanayo sababu ya pekee ya kulijua jambo hili. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alipeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tabora. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yalitoroka, yakachanganyika na nyuki wenye asili ya Ulaya, na kizazi chao kikaenea sehemu kubwa ya bara la Amerika. Hao ni machotara wa aina mbili za spishi moja, na hakuna aliyewaambia kwamba hawarudiwi.

6. Mapendekezo

Kutokana na hayo, twapendekeza:

(a) Chotara liwe istilahi ya jumla kwa mmea au mnyama mwenye wazazi wa aina au spishi tofauti. Mahuluti likubaliwe kuwa kisawe chake.

(b) Panapohitajika usahihi, isemwe chotara la aina mbili kwa mfano wa Pinotage, na chotara la spishi mbili kwa mfano wa Baco Noir.

(c) Uchavushaji mtambuka liwe jina la kazi yenyewe katika mimea, na kupandisha libaki kwa wanyama.

(d) Kubebesha, kikonyo na shina yatumike kwa kuunganisha miti tu, wala mche wa namna hiyo usiitwe chotara.

(e) Kila mche au mbegu inayouzwa ielezwe mambo mawili mbalimbali: ukoo wake, na namna ya kuuzidisha. Kwa mfano: "Mzabibu chotara, hupandwa kwa pingili." "Mahindi chotara, usirudie mbegu."

Pendekezo hili la mwisho ndilo tunaloliona zito kuliko yote, ingawa ndilo lenye istilahi chache. Neno la kitaalamu likifika kijijini bila maelezo yake, mkulima hulijaza maana anayoijua, wala hana kosa. Wasomaji wenye maneno mengine yanayotumika kwao, hasa Dodoma, Tabora na pwani, twawaomba watuletee ili yapimwe pamoja na haya.

Tulipoagana na mzee wa Sikonge msimu wa kupogoa ulikuwa umekaribia. Tulimwomba safari hii asiyachome matawi, bali ayakate pingili zenye macho matatu au manne. Alituuliza za kwanza ampe nani. Tulimwonyesha kwa kidole makopo yaliyokuwa ukutani kwa jirani yake.